ANAYELALA CHINI YA UKUTA WA TOPE ASOMEWE HESABU YA MAJI

Hotuba kwa wafanyakazi wa migodi na watu wa mji, Bunia



Tumekuja kusema nanyi juu ya kitu kisichosemwa sana. Juu ya dhahabu kila mtu ana neno lake. Juu ya tope linalobaki dhahabu ikiisha kutoka, watu hunyamaza. Sisi makarani wa migodi tunaiona tofauti hiyo katika madaftari yetu. Dhahabu hupimwa mara mbili, huandikwa na mtu huyu, hukaguliwa na yule, hutiwa sahihi, kisha hufungiwa katika sanduku la chuma. Tope huandikwa mstari mmoja tu: tani kadhaa zimepelekwa bwawani. Basi. Lakini dhahabu ikipotea, anayelia ni mwenye mgodi. Ukuta wa tope ukipasuka, wanaolia ni wafanyakazi walio bondeni, na mama mwenye shamba lake karibu na mto, na mtoto aliyetumwa kuteka maji.

Neno letu ni moja, nasi tunalitanguliza ili mtu asirudi nyumbani bila kulisikia. Yeye anayelala chini ya ukuta wa tope ana haki ya kusomewa hesabu ya maji yaliyo nyuma ya ukuta huo, kila mwezi, kwa lugha anayoijua. Mengine yote tutakayosema ni sababu za neno hili.

TOPE HILI LATOKA WAPI

Tuanze na hesabu ya shule. Chukueni mfano wa mgodi ambao katika tani moja ya mawe yake mna gramu 3 za dhahabu. Mashine zikisaga tani 1,000 kwa siku, dhahabu yote iliyomo ni kilo 3, nayo yaweza kukaa ndani ya kikombe kimoja cha chai. Zile tani 1,000 za mawe hazikwenda popote. Zimesagwa zikawa unga, unga ukachanganywa na maji, ukawa uji wa kijivu unaopita katika bomba mchana na usiku. Kwa siku 300 za kazi ni tani 300,000. Kwa miaka 10 ni tani milioni 3. Uji huo lazima uwekwe mahali, na mahali hapo ndipo panapoitwa bwawa la tope.

Nchi yetu si ngeni katika kazi hii. Dhahabu ya Kilo ilionekana mwaka 1903, na uchimbaji ukaanza mwaka 1905. Kompanyi ya Kilo-Moto iliundwa mwaka 1926. Mwaka 1966 ikaitwa OKIMO, na siku hizi jina ni SOKIMO. Wazee wetu waliosha mchanga mitoni, kisha zikaja mashine za kusaga mawe. Kuanzia Mongbwalu hadi vijiji vya Kilo hakuna mtu asiyeujua mchanga uliokwisha kuoshwa na kuachwa. Upande wa Moto, katika Haut-Uele, mgodi mkubwa wa Kibali ulianza kutoa dhahabu mwaka 2013, nao una mabwawa yake ya tope. Kila mgodi mpya wa mashine utakaofunguliwa katika milima yetu utahitaji bwawa lake. Kwa hiyo haifai tungoje bwawa lijengwe ndipo tuanze kujifunza maana yake.

UKUTA UNAVYOJENGWA

Mtu akisikia neno bwawa, hufikiri juu ya ukuta wa kutoa umeme kama ule wa Budana katika mto Shari. Ukuta wa namna ile hujengwa mara moja, ukamalizika, ukakabidhiwa. Ukuta wa tope ni kitu kingine.

Mwanzo wake ni tuta la udongo ulioshindiliwa, la mita chache. Nyuma ya tuta humwagwa uji wa mashine. Mchanga mzito hutua karibu na ukuta, tope laini huenda ndani zaidi, na maji hujikusanya mbali kama dimbwi, kisha huvutwa kwa pampu kurudi mashineni. Bwawa likijaa, tuta jingine hujengwa juu ya lile la kwanza. Likijaa tena, jingine. Hivyo ukuta hupanda mwaka kwa mwaka huku kazi ikiendelea. Siku mgodi unapofungwa, ukuta huwa mrefu kuliko siku zote, na watu wa kuutazama huwa wachache kuliko siku zote. Ndugu zetu, shikeni jambo hilo. Mgodi huweza kuondoka na mashine zake na vitabu vyake. Ukuta hauondoki.

Ziko njia tatu za kuupandisha. Katika njia ya kwanza tuta jipya huwekwa upande wa ndani, likikanyaga tope lililotua. Njia hiyo ni ya bei ndogo kwa sababu inataka udongo kidogo, nayo ndiyo ya hatari zaidi, maana msingi wa tuta la juu ni uji wa jana. Katika njia ya pili tuta jipya hujengwa upande wa nje, likisimama juu ya ardhi imara na juu ya ukuta wenyewe. Njia hiyo inakula udongo mwingi na fedha nyingi. Njia ya tatu hupanda wima, kati ya hizo mbili. Basi mkiambiwa kwamba ukuta utapandishwa, ulizeni kwanza: utapandishwa kwa ndani au kwa nje? Hata mtu asiyejua kusoma aweza kuuliza swali hilo, na jibu lake lina uzito.

ADUI WA UKUTA NI MAJI

Tope lililokauka ni gumu, mtu hutembea juu yake. Tope lililoshiba maji ni kitu cha hila. Juu laonekana gumu, ndani punje zake zimeacha kuegemeana, na tikisiko au uzito mpya huweza kuligeuza mara moja likawa uji unaokimbia.

Maji huua ukuta kwa njia kuu tatu. Kwanza, hupita juu yake. Maji yakivuka kichwa cha tuta la udongo, huanza kulikata kama jembe, na baada ya muda mfupi hakuna tuta. Pili, hupita ndani yake. Maji kidogo yanayochuja mguuni pa ukuta, yakiwa meupe, ni jambo la kawaida, na ukuta mwema huwekewa mifereji ya kuyatoa. Lakini yakianza kutoka yamechafuka, maana yake yanabeba udongo wa ukuta, na ndani kunachimbwa shimo lisiloonekana. Tatu, huushibisha ukuta wote mpaka unakosa nguvu, ukaanguka kwa uzito wake wenyewe.

Sikilizeni tena hesabu. Dimbwi lenye eneo la hekta 20 likinyeshewa na mvua ya milimita 50, hupokea mita za ujazo 10,000, yaani lita milioni 10. Hayo ni mapipa 50,000 ya lita 200, yameingia bila mtu kuyamwaga. Hatujahesabu bado maji yanayoteremka kutoka kilimani. Ninyi mnaoijua mvua ya Ituri mnajua kwamba mvua ya namna hiyo si hadithi. Ndiyo maana lazima ibaki nafasi kubwa, kavu, kati ya uso wa maji na kichwa cha ukuta. Nafasi hiyo ikipungua, ukuta uko hatarini hata kama jua linawaka.

YALIYOWAPATA WENZETU

Mtu mwenye akili hujifunza kwa msiba wa jirani. Tutataja misiba michache, na kila mmoja una fundisho lake.

Afrika ya Kusini, katika mtaa wa Merriespruit, tarehe 22 Februari 1994. Bwawa lilikuwa la mgodi wa dhahabu, kama wetu. Ukuta ulikuwa na kimo cha mita 31, na nyumba za kwanza zilikuwa mita 300 hivi chini yake. Jioni ikanyesha mvua kubwa. Nafasi iliyobaki kati ya maji na kichwa cha ukuta haikutosha, maji yakavuka, ukuta ukakatika, na tope lipatalo mita za ujazo 600,000 likaingia mtaani watu wakiwa majumbani. Walikufa 17. Fundisho: nafasi ya maji ndiyo uhai wa mtaa.

Zambia, mgodi wa shaba wa Mufulira, tarehe 25 Septemba 1970. Hapo tope halikukimbilia bondeni. Bwawa lilikuwa juu ya mahali palipochimbwa chini kwa chini, ardhi ikabomoka, na tope likamiminika mgodini juu ya watu wa zamu ya usiku. Walikufa wachimbaji 89. Fundisho: anayefanya kazi chini ya ardhi naye huishi chini ya bwawa.

Tanzania, mgodi wa almasi wa Mwadui katika mkoa wa Shinyanga, tarehe 7 Novemba 2022. Ukuta ulipasuka asubuhi. Hakufa mtu, tunamshukuru Mungu. Lakini tope lilifunika nyumba na mashamba ya vijiji vya jirani, na kazi ya mgodi ikasimama kwa miezi. Fundisho: hata asipokufa mtu, mkulima hupoteza shamba na mfanyakazi hukosa kazi.

Brazil, Brumadinho, tarehe 25 Januari 2019. Ukuta wa mita 86, uliopandishwa kwa ile njia ya kwanza, ya ndani. Ulikuwa umeacha kupokea tope tangu mwaka 2016, na mwaka 2018 wakaguzi waliutolea cheti kwamba ni imara. Ofisi na chumba cha kulia cha wafanyakazi vilikuwa bondeni, chini ya ukuta. Saa sita na nusu mchana, watu wakila, ukuta uligeuka uji. King'ora hakikulia. Walikufa watu 270, na wengi wao walikuwa wafanyakazi wa mgodi wenyewe. Wataalamu waliochunguza walisema kwamba maji ndani ya ukuta yalikuwa mengi na mifereji ya kuyatoa haikutosha, na kwamba kwa macho hazikuonekana dalili kabla ya siku ile. Fundisho: bwawa lililoacha kazi halijafa, cheti si ukuta, na macho peke yake hayatoshi. Yatakiwa mabomba ya kupimia maji ndani ya ukuta, na mtu wa kuyasoma, na mtu wa kuambiwa yanasema nini.

Sasa turudi Kongo yetu. Mwezi wa Julai 2021 mgodi wa almasi wa Catoca, ng'ambo ya mpaka katika Angola, ulivujisha tope lake. Maji ya mto Tshikapa yakabadilika rangi kuwa mekundu, samaki wakaelea wamekufa, na uchafu ukafika mto Kasai. Waziri wetu wa Mazingira wa wakati ule, Ève Bazaiba, alitangaza vifo 12 na wagonjwa zaidi ya 4,000. Kompanyi ilikiri kwamba palivuja, lakini ikakataa kwamba ni sumu. Tena tarehe 18 Februari 2025, huko Zambia karibu na Chambishi, ukuta wa bwawa la Sino-Metals ulipasuka, maji makali yenye asidi yakaingia mto Kafue, na mji wa Kitwe ukafungiwa maji ya bomba. Watu wa mji, sikieni. Mtu aweza kukaa mbali sana na ukuta asiuone maisha yake yote, na bado akaunywa.

Hata mito yetu haikai mahali pamoja. Ile ya upande wa Kilo hushuka katika mto Ituri. Ituri huwa Aruwimi, na Aruwimi huingia katika mto Kongo pale Basoko. Uchafu wa mgodi mmoja ni jambo la watu wengi.

SUMU ILIYOMO

Katika migodi mingi mikubwa dhahabu hutolewa kwa sianidi. Sianidi hupungua nguvu kwa jua na hewa, lakini kabla ya kupungua huua haraka, na samaki hufa kwa kiasi kidogo mno. Baadhi ya mawe ya dhahabu yana aseniki ndani yake, nayo haiishi kwa jua. Tena katika mchanga wa zamani uliooshwa na wachimbaji wa mkono mna zebaki, ile tunayoiita merkiri. Mchanga wenye merkiri ukitiwa tena katika sianidi, sehemu ya merkiri huyeyuka na kusafiri pamoja na maji. Ndiyo maana bwawa la sianidi hupaswa kutandikwa chini kitu kisichopitisha maji, na visima vya kupimia kuchimbwa kulizunguka. Mgodi usemao kwamba maji yake ni salama uonyeshe vipimo vya visima hivyo. Neno tupu halinyweki.

MANENO YA WATU WANAOTUPINGA

Wengine watasema: hayo ni mambo ya mainjinia, karani na mchimbaji hawayawezi. Tunajibu: kujenga ukuta ni kazi ya injinia, nasi hatutaki kumnyang'anya. Lakini kujua kama maji yamepanda au yameshuka hakutaki diploma. Fimbo yenye alama za rangi ikichomekwa bwawani, mtoto wa shule aweza kuisoma.

Wengine watasema: mkidai sana, mgodi utafungwa, nanyi mtakosa mkate. Neno hili ni zito, hatulidharau. Sisi pia twaishi kwa mshahara wa mgodi, na watoto wetu wanasoma kwa mshahara huo. Lakini tazameni Mwadui: kilichosimamisha kazi kwa miezi ni ukuta kupasuka. Maswali ya wanakijiji hayakufunga mgodi. Fimbo ya kupimia, pampu moja zaidi, mlinzi wa kuzunguka ukuta usiku wa mvua, vyote hivyo ni bei ndogo kuliko ukuta uliovunjika. Mgodi unaofungwa kwa sababu umeulizwa maji yamefika wapi, huo ulikuwa na la kuficha.

Wengine watasema: viongozi wanajua, wameandikiwa, tuwaachie. Hapo sisi makarani tuna la kusema, maana barua ndiyo kazi yetu. Huko Wales, katika kijiji cha Aberfan, mabaki ya mgodi wa makaa yalirundikwa mlimani, na rundo moja liliwekwa juu ya chemchemi. Mwaka 1963 ofisi ya mji iliandika barua ikionya juu ya hatari ya uchafu huo nyuma ya shule. Barua ilifika. Ilisomwa. Ilijibiwa. Tarehe 21 Oktoba 1966, asubuhi, watoto walipokwisha kuingia madarasani, rundo liliteremka. Walikufa watu 144, na watoto walikuwa 116. Tena mgodi ule ulikuwa mali ya serikali, haukuwa wa tajiri wa kigeni. Ndugu, namba iliyofungiwa kabatini haizuii maji, na barua iliyowekwa katika jalada haiokoi mtoto. Hesabu ya ukuta lazima isomwe mbele ya watu, ili mkubwa asiyefanya kitu ajulikane kwamba hakufanya.

TUNADAI NINI

Tunadai hesabu tano, ziandikwe ubaoni mahali pa wazi, mgodini na katika ofisi ya kila mtaa ulio bondeni, na zisomwe kwa Kiswahili na kwa lugha ya mahali pale, mwanzo wa kila mwezi. Wakati wa mvua nyingi zisomwe kila wiki.

Ya kwanza: kati ya uso wa maji na kichwa cha ukuta zimebaki mita ngapi, na chini ya mita ngapi kazi itasimamishwa.

Ya pili: mabomba ya kupimia yanaonyesha maji yamepanda kiasi gani ndani ya ukuta.

Ya tatu: maji yanayochuja mguuni pa ukuta ni kiasi gani, na rangi yake ni gani.

Ya nne: alama zilizowekwa juu ya ukuta zimesogea au hazikusogea.

Ya tano: mvua imenyesha milimita ngapi.

Chini ya hesabu hizo liandikwe jina la injinia anayeujibia ukuta, na tarehe ya ukaguzi wa mwisho uliofanywa na mtu asiyelipwa mshahara na mgodi huo.

Hatuombi hisani. Sheria ya Migodi ya nchi yetu ya mwaka 2002, iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, katika kifungu cha 285 bis, yasema kwamba mwenye haki ya mgodi atalipa hasara iliyowapata watu, mali au mazingira kwa kazi yake, hata kama hakuna kosa wala uzembe. Maana yake mkulima aliyefunikwa shamba halazimiki kuthibitisha kwamba mtu fulani alifanya vibaya. Inamtosha kuonyesha kwamba hasara ilitoka mgodini. Sheria hiyo hiyo inamtaka mwenye mgodi kupatana na wenyeji juu ya daftari la ahadi za maendeleo, na kutoa angalau 0.3 kwa mia ya mauzo yake kwa ajili yao. Hapo tuwe macho. Fedha hiyo ni ya shule, visima na zahanati. Usalama wa ukuta ni deni la mgodi wenyewe, wala haifai kuulipia kwa fedha ya wenyeji.

Tena mwezi wa Agosti 2020, baada ya msiba wa Brumadinho, shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, pamoja na baraza la kompanyi kubwa za migodi na wenye mitaji, walitangaza kanuni za dunia juu ya mabwawa ya tope. Kanuni hizo zinawataka wenye migodi kutangaza habari za mabwawa yao na kushirikiana na watu walio hatarini. Kompanyi ikija kwetu, tuiulize: je, mmezikubali kanuni za 2020? Kama mmezikubali, ubao uko wapi?

KAZI YETU WENYEWE

Mwenye kudai naye awe na kazi yake. Sisi wananchi tuna mambo manne ya kufanya.

Kwanza, tusiuchimbe ukuta. Tunajua njaa, na tunajua kwamba katika mchanga wa zamani bado mna dhahabu kidogo. Lakini shimo linalochimbwa mguuni pa ukuta ni kama kukata mguu wa kiti ambacho kijiji kizima kimekalia. Wazee wa mtaa na vyama vya wachimbaji wa mkono waukubali mpaka, na mgodi nao uwatengee mchanga salama wa kuosha, maana katazo bila mkate halishikwi.

Pili, tusijenge bondeni chini ya ukuta, na mkubwa wa mtaa asigawe viwanja hapo. Waliokwisha jenga wahamishwe kwa malipo ya haki kabla ukuta haujapanda zaidi.

Tatu, kila mfanyakazi ajue dalili: ufa juu ya ukuta, tumbo lililovimba ubavuni, ardhi iliyotitia, chemchemi mpya, maji yaliyochafuka mguuni. Akiiona moja asingoje Jumatatu. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika ukuta wa tope methali hii ni kali zaidi, maana huenda asibaki mtu wa kujenga. Na sendika iweke sharti katika mapatano yake: anayetoa habari ya ufa hafukuzwi kazi wala hakatwi mshahara, hata ikionekana baadaye kwamba ufa ulikuwa mdogo.

Nne, tujue njia ya kukimbilia. Tope hufuata bonde na huwahi kuliko miguu. Anayekimbia kufuata mto hufuatwa. Anayepanda ubavuni mwa kilima huokoka. Njia hizo ziwekewe alama, king'ora kijaribiwe, na watoto wa shule wafanye zoezi la kupanda kilima angalau mara mbili kwa mwaka, mwanzo wa kila majira ya mvua. Zoezi la nusu saa halimpunguzii mtoto elimu.

Ndugu zetu, sisi makarani tutaendelea kuandika, ndiyo kazi tuliyofundishwa. Tunaandika tani za mawe, gramu za dhahabu, saa za mashine, siku za wagonjwa. Tunataka maji ya bwawa nayo yapate ukurasa wake, na ukurasa huo usifungiwe. Kabla ya kuondoka hapa leo, kila mtaa uchague watu wawili, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, wanaojua kusoma namba. Sisi tutawafundisha maana ya zile hesabu tano, Jumamosi alasiri, bila malipo. Siku mgodi utakapoleta ubao, wawepo wa kuusoma. Na mgodi usipouleta, wawepo wa kwenda kuuliza sababu.

Ndugu Msimamizi, tumemaliza. Wenye majina ya mitaa yao waje mezani.